Daftari la Gombe

SOMO LA HISTORIA KWA WATU WAZIMA

Ninyi mlio darasani, kaeni vizuri, na kila mmoja awe na daftari lake na kalamu. Ninyi mnaosikiliza nyumbani, msiwe na wasiwasi. Somo hili limepigwa chapa, nanyi mtaweza kulisoma polepole baada ya kulisikia.

Kwanza namwomba mwalimu aandike ubaoni maneno manne. La kwanza ni *sokwe mtu*. Huyu ni mnyama wa jamii ya nyani wakubwa. Hana mkia, mikono yake ni mirefu, na umbo lake lafanana sana na la mwanadamu. Katika somo hili nitamwita sokwe tu, kwa ufupi. La pili ni *mtafiti*, yaani mtu anayechunguza jambo kwa utaratibu mpaka apate ukweli wake. La tatu ni *darubini*, chombo cha kutazamia vitu vilivyo mbali. La nne ni *hifadhi*, yaani mahali palipowekwa na serikali ili wanyama na miti visiharibiwe. Someni maneno hayo kwa sauti, kisha tuendelee.

Mara nyingi tunapotaja historia tunafikiri habari za wafalme, vita na mikataba. Leo tutazungumza habari ya namna nyingine. Ni habari ya mwanamke aliyependa kutazama wanyama tangu utoto wake, na ya watu wa Kigoma waliofanya kazi pamoja naye, na ya madaftari waliyoyajaza kwa miaka mingi. Mnaijua methali isemayo, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Wafanyabiashara huitumia kwa mambo ya fedha. Leo mtaona kwamba elimu nayo ni mali, nayo hupotea namna ile ile.

MTOTO KATIKA BANDA LA KUKU

Jane Goodall alizaliwa London, mji mkuu wa Uingereza, tarehe 3 Aprili, 1934. Watu wa kwao hawakuwa matajiri. Angali mtoto mdogo sana, mama yake alimkuta kitandani pamoja na nyungunyungu, ile minyoo ya udongoni, aliowachukua bustanini ili awatazame jinsi wanavyokwenda. Mama hakumpigia kelele. Alimwambia kwa upole kwamba viumbe wale watakufa wasipokuwa na udongo. Basi wakawarudisha bustanini wote wawili.

Alipokuwa na umri wa miaka minne hivi alipelekwa kukaa shambani kwa jamaa zake, akapewa kazi ya kuokota mayai. Jambo moja likamsumbua. Yai ni kubwa, naye kuku haonekani kuwa na tundu kubwa namna hiyo. Je, yai latokea wapi? Aliwauliza watu wazima, lakini hakupata jibu la kumridhisha. Basi siku moja aliingia katika banda la kuku, akajificha katika majani makavu, akangoja. Alikaa humo saa nyingi. Huku nyumbani watu walikuwa wakimtafuta kila mahali, hata polisi wakaarifiwa. Mwishowe kuku akaingia, akasimama kidogo, akataga, na mtoto akaona kwa macho yake.

Alirudi mbio, majani yamemjaa nywele na nguo. Mama yake alikuwa na hofu kubwa siku ile, na mzazi mwingine angalishika fimbo. Lakini alipomwona mtoto jinsi macho yake yalivyong'aa, aliketi chini akamsikiliza habari yote ya kuku, tangu mwanzo mpaka mwisho. Wazazi mnaonisikiliza, lifikirini jambo hili. Jane mwenyewe, hata alipokuwa mzee, alikuwa akisimulia habari ya siku ile kila mara. Alisema mama mwingine angaliweza kuiua hamu yake ya kujua siku ile ile.

Alipofika miaka kumi alikuwa amesoma vitabu vingi vya hadithi za wanyama na misitu, akawaambia watu kwamba atakwenda Afrika, atakaa na wanyama wa porini na kuandika vitabu juu yao. Watu walicheka. Mama yake hakucheka. Alimwambia afanye bidii na asikate tamaa.

KARANI ANAFIKA AFRIKA

Jane alipomaliza shule hapakuwa na fedha za kumpeleka chuo kikuu. Alijifunza ukarani na kupiga chapa, akafanya kazi London. Siku moja akapata barua kutoka kwa rafiki aliyesoma naye. Wazazi wa rafiki huyo walikuwa na shamba nchini Kenya, naye akamkaribisha awatembelee. Jane aliacha kazi yake ya London, akarudi nyumbani, akawa mtumishi katika hoteli, akiwapelekea wageni chakula mezani na kuweka akiba senti kwa senti mpaka nauli ikatimia. Mwaka 1957 alipanda meli, akashuka Mombasa, akapanda gari la moshi hadi Nairobi.

Huko aliambiwa, "Ukiwa wapenda wanyama, nenda ukamwone Dokta Leakey." Bwana Louis Leakey alizaliwa Kabete, nchini Kenya, mwaka 1903, naye alikuwa mtu mashuhuri kwa kuchimba mifupa ya watu wa kale. Wakati huo alikuwa mkuu wa jumba la makumbusho la Nairobi. Alimwuliza Jane maswali mengi juu ya wanyama, akampa kazi ya ukarani. Baadaye alimchukua pamoja na mkewe, Bibi Mary Leakey, kwenda kuchimba huko Olduvai, Tanganyika.

Dokta Leakey alikuwa na wazo moja. Mfupa waweza kukuonyesha jinsi mtu wa kale alivyosimama na alivyotafuna, lakini hauwezi kukuonyesha jinsi alivyolea watoto wala jinsi alivyogombana na jirani zake. Aliona kwamba mtu akiwatazama sokwe kwa muda mrefu huko msituni, pengine atapata mwangaza kidogo juu ya mambo hayo. Alitafuta mtu mwenye saburi, apendaye wanyama kwa moyo, na ambaye akili yake haijajazwa maneno ya vitabu kiasi cha kumzuia kuona kilicho mbele yake. Akamchagua karani wake. Watu wengi walishangaa, kwa kuwa Jane hakuwa na digrii yoyote.

GOMBE, JULAI 1960

Sasa naomba mwalimu awaonyeshe ramani. Tafuteni Ziwa Tanganyika. Upande wa mashariki wa ziwa mtaona mji wa Kigoma, mwisho wa reli itokayo Dar es Salaam. Yapata kilomita 16 kaskazini ya Kigoma, kando ya ziwa, ndipo palipo Gombe. Ni mahali pa milima iliyosimama wima, mabonde membamba yenye misitu, na vijito vinavyoteremka mbio hadi ziwani. Ng'ambo ya ziwa ni nchi ya Kongo. Serikali ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala Tanganyika ilipafanya mahali hapo hifadhi mwaka 1943.

Wakubwa wa serikali walikataa mwanamke kijana kukaa porini peke yake. Basi mama yake, yule yule wa habari ya kuku, akasema, "Nitakwenda naye." Walipofika Kigoma waliukuta mji umejaa Wabelgiji waliokimbia kutoka Kongo, kwa maana Kongo ilikuwa imepata uhuru wake tarehe 30 Juni, 1960, na machafuko yalikuwa yameanza. Walingoja kwanza. Tarehe 14 Julai walipanda mashua pamoja na mpishi wao, Bwana Dominic, wakafika Gombe na hema lao moja kuukuu.

Ufukweni walikuwako wavuvi wa dagaa, wanaovua usiku kwa taa na kuanika samaki mchana juu ya changarawe. Wavuvi hawa hawakuamini kwamba mtu aweza kusafiri kutoka Uingereza kwa ajili ya kutazama nyani tu. Maneno yakaenea kwamba mwanamke huyu ni mpelelezi wa serikali. Hofu yao haikuwa ya kipuuzi. Nchi ilikuwa chini ya wageni, na ardhi ile ilikuwa imekwisha kuwekewa sheria za hifadhi. Aliyepunguza hofu hiyo ni mama yake Jane. Alifungua mahali pa kugawia dawa ndogo ndogo, akiosha vidonda na kutoa vidonge vya maumivu, na watu wakaanza kuja hemani.

Kazi yenyewe ilianza vibaya. Jane alitembea pamoja na askari wa wanyama, Bwana Adolf Siwezi, na mwenyeji wa huko, Bwana Rashidi Kikwale, aliyezijua njia za milima. Waliona sokwe kwa mbali, wakila matunda katika mti wa msulula, lakini kila walipojaribu kusogea sokwe walikimbia, hata watu walipokuwa ng'ambo ya bonde. Baada ya miezi michache Jane na mama yake wakashikwa na malaria, wakalala hemani siku nyingi. Fedha zilizotolewa zilikuwa za miezi michache tu. Kama hapatakuwa na habari yoyote ya maana, kazi itafungwa.

Jane alipopata nafuu alipanda mlima mmoja ambao kilele chake chaona mabonde mawili. Akakaa hapo na darubini yake. Kesho yake akarudi pale pale, na siku iliyofuata vile vile, amevaa nguo za rangi ile ile. Hakuwafuata sokwe wala kujificha. Alitaka wamzoee, kama vile ng'ombe wanavyomzoea mchungaji mpya. Kila alichoona aliandika katika daftari dogo, na usiku aliyaandika tena vizuri kwa mwanga wa taa ya chemli: walikula tunda gani, nani alikuwa na nani, walijenga wapi viota vyao vya kulalia.

MWENYE NDEVU ZA MVI

Alikuwako sokwe mmoja dume aliyekuwa na ndevu nyeupe kidevuni. Huyu aliacha kuogopa kabla ya wenzake. Jane alimwita David Greybeard, maana yake Daudi mwenye ndevu za mvi. Baadaye sokwe huyo alikuja mpaka kambini kula chikichi katika mchikichi uliokuwa karibu na hema.

Kabla ya wakati huo vitabu vilisema kwamba sokwe hula matunda na majani, na pengine wadudu. Mwezi wa Oktoba 1960 Jane aliona sokwe wakila nyama ya mtoto wa nguruwe mwitu. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa mwezi wa Novemba, aliona jambo kubwa zaidi.

David Greybeard alikuwa amechutama kando ya kichuguu. Mvua zilikuwa zimeanza, na wakati huo mchwa hutayarisha matundu ya kutokea kumbikumbi. Ninyi wengi mwayajua mambo ya kumbikumbi tangu utotoni. David alikwangua tundu kwa kidole, akachukua unyasi mrefu, akauingiza ndani polepole, akangoja kidogo, akautoa. Mchwa walikuwa wameuuma unyasi na kuning'inia humo. Akawaokota kwa midomo, akatafuna. Unyasi ulipopinda aliukata ncha, au akatafuta mwingine. Siku nyingine Jane aliona sokwe wakichuma kijiti chenye majani, wakiyapukutisha majani yote kwanza, ndipo wakakitumia.

Angalieni vizuri maana yake. Kupukutisha majani ni kukitengeneza kitu ili kifae kwa kazi. Wakati ule wataalamu walifundisha kwamba mwanadamu peke yake ndiye atengenezaye vyombo vya kazi, na kwamba hapo ndipo alipotengana na wanyama. Jane alimpelekea Dokta Leakey habari kwa simu ya maandishi. Leakey akamjibu kwamba sasa itawapasa kubadili maana ya neno chombo, au kubadili maana ya neno mwanadamu, au kuwahesabu sokwe kuwa wanadamu. Baada ya hapo chama kikubwa cha jiografia cha Marekani kikatoa fedha, na kazi ikaendelea.

JINA AU NAMBA?

Mwaka 1962 Leakey alimpeleka Jane katika Chuo Kikuu cha Cambridge asomee digrii ya udaktari, ingawa hakuwa na digrii ya kwanza. Huko wakubwa walimkosoa. Walimwambia kwamba mtafiti hupaswa kuwapa wanyama namba, wala si majina, na kwamba haifai kusema mnyama ana tabia yake mwenyewe, ana furaha au ana huzuni. Jane aliwasikiliza, akajifunza kwao kupanga hoja na kuhesabu, lakini majina hakuyaacha. Mtu aliyefuga mbwa, mbuzi au ng'ombe ajua kwamba hakuna wawili wenye tabia moja.

Tazameni mifano miwili. Alikuwako dume aliyeitwa Mike, mdogo wa umbo na mnyonge mbele ya wenzake. Yapata mwaka 1964 Mike aligundua kwamba madebe matupu ya mafuta ya taa yaliyokuwa kambini yanapiga kelele kubwa. Akawa anayasukuma mbele yake huku akikimbia kuwaelekea madume wenzake, nao wakatawanyika kwa hofu. Kwa njia hiyo Mike akawa mkubwa wa kundi zima pasipo kupigana sana. Mfano wa pili ni jike mzee aliyeitwa Flo. Flo alikuwa mama hodari, mwenye saburi na michezo, na watoto wake walikua vizuri. Flo alipokufa mwaka 1972, mwanawe wa mwisho, Flint, aliyekuwa na miaka minane na zaidi, aliacha kula, akajikunyata peke yake, akafa kabla ya mwezi kwisha. Namba isingaliweza kutusimulia habari hiyo.

Lakini mapenzi yana hatari zake pia. Ili kuwaona sokwe kwa karibu, watafiti waliwawekea ndizi kambini. Sokwe wengi walikusanyika mahali pamoja, wakagombana kuliko kawaida. Mwaka 1966 ugonjwa wa polio uliingia katika kundi. Baadhi ya sokwe walikufa, na wengine wakabaki na viungo vilivyopooza. Chanjo ilitiwa ndani ya ndizi ili wale wazima waokoke. Baadaye ndizi zilipunguzwa, na mwishowe desturi hiyo ikakomeshwa kabisa. Leo wageni waendao Gombe huamriwa wakae mbali na sokwe, maana magonjwa yetu huwaambukiza.

WATU WA KIGOMA WASHIKA KALAMU

Mwaka 1968 Gombe ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Tanzania. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya nchi za nje walikuwa wamekwisha kuanza kuja kwa wingi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanafunzi mmoja mtafiti, akiwa peke yake mlimani, alianguka gengeni akafa. Baada ya msiba huo Jane aliweka amri kwamba hakuna mtafiti atakayekwenda msituni bila kufuatana na mtu wa huko.

Kwanza watu hao walikwenda kama viongozi wa njia. Lakini mtu atembeaye nyuma ya sokwe kila siku hujifunza mengi. Waliwajua sokwe kwa sura na kwa sauti, waliijua miti, na walijua sokwe atapita wapi baada ya kula. Punde ikaonekana kwamba wanafunzi wageni, wanaokaa mwaka mmoja au miwili kisha wakaenda zao, ndio waliokuwa wakijifunza kutoka kwao. Basi wakafundishwa utaratibu wa kuandika. Miongoni mwao walikuwa Bwana Hilali Matama, Bwana Hamisi Mkono, Bwana Eslom Mpongo na Bwana Yahaya Almasi. Hawakuwa watu wa digrii. Walikuwa watu wa Kigoma wenye macho makini, miguu yenye nguvu na kalamu.

Kazi yao ilikuwa hivi. Kabla ya jua kuchomoza walikwenda mpaka chini ya kiota alicholala sokwe waliyemchagua. Alipoamka walimfuata mchana kutwa, katika miiba, mawe na mvua, mpaka alipojenga kiota kingine jioni. Katika karatasi maalum waliandika saa, chakula alichokula, na nani alifika na nani aliondoka. Pamoja na hayo waliandika habari ndefu za mambo yote yaliyotokea. Habari hizo waliziandika kwa Kiswahili. Ndiyo, ndugu zangu: sehemu kubwa ya habari za sokwe wa Gombe ambazo wataalamu wa dunia wamezitegemea iliandikwa kwanza kwa lugha yetu, ndipo ikafasiriwa kwa Kiingereza.

Mwezi wa Januari 1974 Bwana Hilali Matama aliona jambo ambalo hakuna mtafiti aliyepata kuliona kabla yake. Kundi la sokwe wa Gombe lilikuwa limegawanyika. Wengine walibaki katika bonde la Kasakela, na wengine walihamia kusini, Kahama. Siku hiyo madume wa Kasakela walinyemelea kimya kimya mpaka mpakani, wakamkuta dume wa Kahama, Godi, akila peke yake. Walimwangusha, mmoja akamshika akamkalia kichwani, na wengine wakampiga na kumwuma kwa muda wa dakika kumi hivi. Godi hakuonekana tena. Walikuwa wamekua pamoja, na zamani walichanana manyoya. Vita hivyo viliendelea hadi mwaka 1977, na madume wa Kahama wakaisha wote.

Habari hii ilimhuzunisha sana Jane. Alikuwa amefikiri kwamba sokwe ni wapole kuliko sisi. Wataalamu wengine walishauri kwamba isitangazwe. Wengine walisema kwamba chanzo ni zile ndizi. Lakini mambo ya namna hiyo yalionekana baadaye mahali pengine pasipo ndizi, na mwaka 2014 watafiti waliolinganisha makundi mengi ya sokwe barani Afrika walionyesha kwamba mauaji hayo hayatokani na kuingiliwa na watu. Jane aliitangaza habari kama ilivyoandikwa. Apendaye wanyama kweli hukubali kuwaona walivyo, hata pale wanapomvunja moyo.

USIKU WA MEI 1975

Sasa sikilizeni jinsi daftari lilivyokaribia kufungwa. Usiku wa tarehe 19 Mei, 1975, watu wapatao 40 wenye silaha walivuka ziwa kwa mashua kutoka Zaire, nchi ambayo sasa yaitwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Walikuwa waasi waliopigana na serikali ya nchi yao. Waliingia kambini Gombe, wakawakamata vijana wanne watafiti kutoka nchi za nje, wakawachukua hadi ng'ambo, wakadai fedha. Palikuwa na mashauri marefu na mahangaiko makubwa. Mwishowe wote wanne waliachiwa wakiwa hai.

Baada ya hapo wanafunzi wa nje waliondolewa Gombe. Jane mwenyewe alikaa Dar es Salaam, akawa anakwenda Gombe kwa siku chache tu. Vita vya Kasakela na Kahama vilikuwa katikati. Kina mama sokwe walikuwa wakizaa, wazee walikuwa wakifa. Kama mtu asingaliandika, miaka hiyo ingalikuwa kurasa tupu, na kurasa za namna hiyo hazijazwi baadaye kwa kukumbuka.

Hazikuwa tupu. Watu wa Kigoma waliendelea kupanda milima kila alfajiri na kuandika kila jioni. Mwaka 1986 Bibi Jane alipotoa kitabu chake kikubwa juu ya sokwe wa Gombe, sehemu nzito ya kitabu hicho ilisimama juu ya kazi yao.

Na faida ya daftari huonekana hata baada ya miaka mingi. Mwaka 2009 watafiti walieleza kwamba sokwe wa Gombe wenye virusi vya jamii moja na vile vya UKIMWI hudhoofika na kufa mapema kuliko wenzao wasio navyo. Virusi hivyo vilitambuliwa kwa kupima vinyesi vilivyookotwa msituni. Lakini ili kujua ni nani amekufa, lini, na ana mama gani, ilibidi kurudi kwenye maandishi ya kila siku. Waliokuwa wakiandika katika miaka ya 1970 hawakujua kabisa kwamba watajibu swali hilo, maana wakati huo UKIMWI ulikuwa haujatambuliwa.

MISITU NA VIJIJI

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Jane alipita kwa ndege ndogo juu ya Gombe. Ndani ya hifadhi aliona miti. Nje ya mipaka aliona vilima vitupu, vilivyolimwa na kukatwa kuni, na udongo umechukuliwa na mvua. Watu walikuwa wengi kuliko ardhi ilivyoweza kuwalisha, na miongoni mwao walikuwako wakimbizi kutoka nchi za jirani. Hapo alielewa kwamba haiwezekani kuwaokoa sokwe huku watu wanaowazunguka wana njaa.

Mwaka 1994 taasisi yake ilianza mpango uitwao TACARE pamoja na wanakijiji wa Kigoma. Walianza na mambo ambayo wanakijiji wenyewe waliyataka: maji safi, afya, mazao bora, vitalu vya miche, na mikopo midogo kwa kina mama. Baadaye vijiji vilipanga matumizi ya ardhi na kutenga misitu yao, na kuweka walinzi wa kuitunza. Katika baadhi ya vilima miti imeota tena. Hata hivyo sokwe wa Gombe leo ni wachache kuliko walivyokuwa mwaka 1960, na kazi haijaisha.

Bibi Jane Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba, 2025, huko California, Marekani, akiwa na umri wa miaka 91. Alikuwa safarini, akihutubia watu juu ya wanyama na misitu. Na huko Gombe kazi ya kuwafuata sokwe na kuandika habari zao, iliyoanza mwaka 1960, imepita miaka 60. Baadhi ya sokwe walioandikwa siku hizi ni vitukuu wa Flo.

Sasa nawauliza swali. Kama madaftari yale yasingeandikwa, tungejua nini? Tungejua kwamba palikuwa na mwanamke aliyependa sana wanyama, basi. Habari za Mike na madebe yake, za Flint na huzuni yake, na za Godi mpakani zingalikufa pamoja na walioziona.

Ninyi mliokuja kujifunza kusoma na kuandika mkiwa watu wazima mmekwisha kuona mengi. Mwawajua ndege wanaotangulia mvua, mwajua mti gani huchanua lini, na ni samaki gani aliyekuwa akipatikana zamani ambaye siku hizi haonekani. Sasa mna kalamu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mama yake Jane alifanya nini mtoto wake alipotoka katika banda la kuku? Wewe ungalifanya nini?

2. Kwa nini wavuvi wa Gombe walimshuku Jane? Ni jambo gani lililopunguza hofu yao?

3. David Greybeard alifanya nini katika kichuguu, na kwa nini habari hiyo iliwashangaza wataalamu?

4. Nani walioendelea na kazi ya kuandika baada ya Mei 1975? Ingalikuwaje kama wasingalijua kuandika?

5. Mambo gani ya TACARE yafaa kwa kijiji chako?

KAZI YA NYUMBANI

Chagua kiumbe mmoja aliye karibu nawe: kuku, mjusi, nyuki, au ndege ajengaye kiota darini. Mtazame kwa muda wa nusu saa bila kumsumbua. Kisha andika sentensi tano juu ya yale uliyoyaona kwa macho yako. Usiandike uliyoambiwa na watu. Andika tarehe na saa juu ya ukurasa. Kesho mtazame tena saa ile ile, uandike sentensi tano nyingine. Mtakapokutana darasani, kila mmoja asome maandishi yake mbele ya wenzake.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.